Biskuti Zisizo na Ngano

6 Machi

Kijiti mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu tumeishindwa. Juzi umenikatia, na mara ya kabla yake nilikukatia mimi, kwa hiyo tuko sare. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza alichokuwa anasema.

Mimi mzima, ila mikono. Daktari wa mifupa amenishika vifundo, akavigeuza huku na huku, akasema mama, miaka thelathini na minne ya kukanda unga inatosha. Akaniuliza kama nina mtu wa kumwachia kazi. Nikamwambia ninaye, binti yangu wa pekee, yuko mji mwingine anauza miwani. Alicheka. Mimi sikucheka.

Basi nakuomba, na unajua kwamba mimi si mtu wa kuomba. Njoo ushike bekari. Tanuri ni zima, mashine ya kukandia imefanyiwa matengenezo, na wateja wanajipanga mlangoni kabla sijafungua. Ukoko atakuwa nawe. Huu ni mwaka wake wa ishirini kwangu, na watu bado wanamwita hivyo kwa sababu ya ile trei moja aliyoiunguza wiki ya kwanza. Nikiacha mimi na wewe usipokuja, mlango utafungwa, na kile kibao alichokichora marehemu baba yako kitapakwa rangi na muuza simu.

Hilo la kwamba eti siku hizi huli ngano nimelisikia kwa mama yako mdogo. Mtoto wa mwokaji hali mkate. Makubwa haya. Ukifika nitakuwekea skonzi za moto mezani, tuone kama huo ugonjwa utakuja nawe.

Nataka jibu kabla ya Juni.

Mama

19 Machi

Mama, shikamoo.

Pole na mikono. Nimekumbuka ulivyokuwa ukiilowesha kwenye maji ya moto kila Jumapili na kusema ni baridi tu.

Kwanza, siuzi miwani. Nakata vioo vyake, ni kazi ya ufundi kama yako. Pili, ngano. Usipolielewa hilo, hutaelewa neno lingine lolote nitakalokuandikia. Sikuacha mkate kwa maringo. Mwaka jana nilipungua mpaka sketi zikawa zinateleza kiunoni, damu ikaisha mwilini, nikawa nashinda chooni. Walinipima damu, kisha wakaniingiza kamera tumboni. Ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kile kinachofanya donge livutike bila kukatika. Kikiingia kwangu, utumbo wangu unapigana nacho na unajiumiza wenyewe. Hakuna kidonge. Dawa yake ni kutoila kabisa, hata chembe ya kwenye kisu.

Na si ugonjwa wa jana, mama. Tumbo lilikuwa linanisokota kila asubuhi baada ya chai na mkate, nawe ulikuwa unasema Kijiti anakwepa kufagia bekari. Jina lenyewe ulinipa wewe, mbele ya wateja, wakacheka wote. Nilikuwa mwembamba kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Naomba usiniite hivyo tena.

Sasa kurudi. Nataka kurudi. Nimechoka kukaa chumba kimoja na kula peke yangu. Nimefikiri hivi: ile stoo ya nyuma tuifanye jiko la pili, lenye meza yake, trei zake na tanuri dogo, humo tuoke vitu visivyo na ngano kabisa. Mimi nishike huko, Ukoko ashike mbele. Wako watu wengi kama mimi, na hawana pa kununua.

Lakini kwanza nijue kama inawezekana chini ya paa lako. Nakutumia pakiti mbili za mchanganyiko wa biskuti usio na gluteni. Ndani mna unga wa mchele, wanga wa viazi, sukari na unga kidogo wa kugandisha. Wewe unaongeza siagi na yai tu. Tafadhali tumia bakuli jipya, trei mpya na mti mpya wa kusukumia. Meza isuguliwe. Na usinyunyize ngano mezani ili donge lisigande, najua mkono wako utataka kufanya hivyo wenyewe. Nitumie zitakazotoka. Nikila nikakaa siku tatu salama, naandika barua ya kuacha kazi.

Jambo moja zaidi. Daktari anasema ugonjwa huu hutembea kwenye familia, akaniuliza nani mwingine alikuwa nao. Nilimwambia nitakuuliza. Yule dada yangu aliyefariki kabla sijazaliwa, aliugua nini?

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Jina nitajitahidi kuliacha, ingawa mdomo umelizoea.

Pakiti zimefika. Huo si unga. Nimefungua, nikauminya kwa vidole, ukalia kama viatu vipya. Unga wa kweli hautoi sauti, unatulia mkononi. Nikaonja, nikaona ni mchanga uliotiwa sukari. Ukoko naye akaonja, akatema kwenye ndoo, akaniuliza ni dawa ya nini.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nilinunua vyombo vipya, nikaisugua meza kwa maji ya moto mpaka mbao zikawa nyeupe. Nikatia yai na siagi, na mikono yangu ikaanza kukanda, maana haijui kazi nyingine. Nilikanda robo saa nikingoja donge livutike. Halikuvutika, nilikuwa nakanda tope. Ndipo Ukoko akasoma nyuma ya pakiti: usikande. Sasa kama hakuna kukanda, mwokaji wa nini? Si angeoka yeyote anayepita njiani.

Trei ya kwanza biskuti zote zilitambaa zikashikana, ikawa biskuti moja kubwa kama trei yenyewe. Ya pili nilipunguza siagi. Zikatoka na umbo, nikafurahi, nikainua moja ikabaki vumbi kiganjani. Yule mwalimu mstaafu anayekuja kila siku saa moja asubuhi aliziona kwenye kaunta, akaniuliza kwa upole kama leo naumwa. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilizifunika na gazeti.

Sijakata tamaa, lakini ujue unanifedhehesha ndani ya bekari yangu mwenyewe. Nitumie pakiti nyingine, hizo mbili zimekwisha.

La dada yako, mwambie daktari hakuna. Alikufa kwa homa. Watoto wengi walikufa kwa homa wakati ule.

Mama

11 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimecheka peke yangu kazini mpaka bosi akaja kuangalia kuna nini. Nilikuwa nakuona kabisa unavyoutazama huo unga.

Pole, kosa ni langu, ningekueleza. Hilo donge halitaki nguvu. Lichanganye tu mpaka lishikane, lifunike, liweke kwenye friji nusu saa. Kisha lisukumie katikati ya karatasi mbili za nailoni, halitaganda popote. Zikitoka tanurini usiziguse mpaka zipoe kabisa. Mwanzoni mimi nilivunja trei nne kabla ya kupata moja.

Nimekutumia pakiti nne. Na usione aibu zikivunjika. Nitumie hivyo hivyo, nitakula makombo kwa kijiko. Sikuombi biskuti nzuri. Nakuomba biskuti ambayo haitaniumiza, iliyotoka mkononi mwako. Sijala kitu cha mkono wako mwaka mzima na zaidi, na sijui kama unajua hilo lina uzito gani kwangu.

Bosi nimemdokeza kwamba huenda naondoka. Amenung'unika, lakini amesema nimwambie mapema ili apate mtu.

Homa gani, mama? Mama mdogo aliwahi kusema dada alikuwa na tumbo kubwa na miguu kama vijiti vya kiberiti. Siulizi kwa kukuchokonoa. Daktari anajaza fomu.

Binti yako

24 Aprili

Mwanangu,

Kaa chini kabla hujafungua kopo. Ndani mna biskuti arobaini na hakuna hata moja iliyomeguka pembeni. Nimezipanga kwa safu, karatasi kati ya kila safu, na Ukoko amefunga kamba.

Mwokaji ni mwokaji. Nilikuwa sijaujua huo unga, sasa nimeujua. Zimetoka rangi ya dhahabu, zinakatika kwa mlio, na katikati zina ulaini ule ule wa biskuti zangu za siku zote. Nimefuata kila kitu ulichoandika: friji, nailoni, kungoja zipoe. Usiniulize siri yake nyingine, ni mkono tu.

Kula, mwanangu. Usile moja kwa woga kama anayeonja sumu. Kula tatu, nne, pamoja na chai, kama ulivyokuwa ukila mtoto. Halafu niandikie siku hiyo hiyo kwamba hujambo. Siku hiyo hiyo, usiniweke.

Stoo nimeitoa magunia na Ukoko amepaka rangi nyeupe. Chumba chako nimebadilisha godoro. Mwambie huyo bosi wako atafute mtu.

Mama yako mdogo ana mdomo kuliko mlango wa tanuri. Hilo la dada yako usinirudie nalo tena.

Mama

9 Mei

Mama,

Kopo lilifika Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimeshavaa kwenda kazini. Nilifungua nikiwa nimesimama, nikala mbili, na machozi yakanitoka kwa sababu zilikuwa na ladha ya nyumbani kabisa. Nikala nyingine mbili. Nilisema siku tatu, lakini sikungoja hata saa tatu. Nilifika kazini nikampa bosi barua ya kuacha kazi kabla sijavua koti.

Mchana nilianza kutapika. Jioni jirani alinipeleka hospitali. Nimekaa siku tano na dripu mkononi, na wiki nzima baada ya hapo sikuweza kusimama bila kushika ukuta. Ndiyo maana nimekawia kuandika. Bosi alikuja kuniona, akaniambia kwa huruma kwamba nafasi yangu ameshaipa mtu mwingine, kwa kuwa nilisema mwenyewe naondoka.

Daktari ameniuliza nimekula nini. Nilimwambia biskuti zisizo na ngano, ameoka mama yangu. Aliniuliza kama nina uhakika, nikamkasirikia.

Nakuuliza sasa bila hasira. Ulinyunyiza unga mezani kwa mazoea? Ulikatia kisu cha bekari? Mti wa kusukumia ulikuwa ule wa zamani? Kama ni bahati mbaya tutaitafuta na tutairekebisha, na nitakuja hivyo hivyo. Niambie tu.

Binti yako

17 Mei

Mwanangu,

Barua yako haina shikamoo. Nimeliona hilo na nimelimeza, kwa kuwa ulilazwa. Pole sana.

Lakini kwanza tuwekane sawa. Nimefuata pakiti neno kwa neno. Meza ilikuwa safi kuliko sahani unayolia. Sasa wewe umekula asubuhi, umeumwa mchana. Je, maji ya huko unayachemsha? Maziwa uliyotia kwenye chai yalikuwa ya lini? Na hao wenye kiwanda cha pakiti, nani amewachungulia wakipakia? Wewe umenyoosha kidole kwa mama yako kabla hujanyoosha kwa mtu mwingine yeyote.

Na nitakuambia jambo ambalo hutalipenda. Mtu akishaambiwa kwamba chakula fulani kitamuua, akikila na woga wake, tumbo lenyewe litavurugika. Ugonjwa mwingine unaanzia kichwani. Ulikula ngano mezani kwangu miaka kumi na minane, ukasoma, ukakua, ukaondoka na miguu yako. Hilo daktari wako anasemaje?

Kazi umeshaacha, basi njoo. Nitakutunza mwenyewe. Ukiwa hapa chini ya macho yangu utapona.

Mama

21 Mei

Mdogo wangu,

Mimi ni Ukoko. Barua ya mwisho kuandika ilikuwa ile ya kuombea kazi hapa, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Habari ya kwamba ulilazwa nimeipata kwa mama yako mdogo, alipokuja kununua mkate. Mama yako hakuniambia. Nilimwuliza mbele ya mteja, akasema ulikula kitu kibovu huko. Nimeona ni lazima nikuandikie, maana kopo lile kamba niliifunga mimi.

Siku ile alijaribu pakiti ya kwanza kama ulivyosema, zikavunjika. Ya pili zikavunjika nusu, nusu zikapona. Nilimwambia tumtumie hizi zilizopona, mwenyewe kasema hata makombo atakula. Akanituma nje nikalete kuni, na kuni zilikuwepo. Nikaona ajabu, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nikakuta pakiti ya tatu iko bakulini, naye ana mkono ndani ya gunia la ngano. Alitia viganja vitatu. Si kwa mazoea, wala haikumponyoka. Alitia cha kwanza, akasimama, akatia cha pili, akasimama tena, akatia cha tatu.

Nikamwambia mama yako, mtoto kakataza. Akasema, kala miaka yote hii, hakufa. Nikanyamaza. Hilo ndilo langu, sitalisukumia mtu.

Kingine nikuambie. Baada ya kopo kwenda hakuwa mtu wa kawaida. Kila mlango ukigongwa anaruka. Kila siku iliyopita bila barua alikuwa anachangamka zaidi, siku ya nne alikuwa anaimba, na mimi sijamsikia akiimba tangu nimefika hapa. Sikuelewa anaimbia nini, na mpaka leo sielewi.

Usimwambie nimekuandikia. Au mwambie, basi, yote sawa.

Ukoko

28 Mei

Mama,

Viganja vitatu.

Usimfukuze Ukoko. Ukimfukuza, hii ndiyo barua ya mwisho utakayopata kwangu.

Nimefikiri siku kadhaa na nimekutafutia sababu, kwa sababu nilitaka kuipata. Nikasema labda ni aibu. Labda hukuweza kuona biskuti iliyovunjika ikitoka kwenye bekari yako. Hilo ningelielewa, ningekasirika mwezi mmoja kisha ningepanda gari nije, maana nakujua ulivyo na biskuti zako.

Lakini nusu ya pakiti ya pili zilitoka nzima. Ulikuwa nazo mezani, zinapoa, na nilikuwa nimekuambia nitakula hata makombo.

Kwa nini, basi? Sitaki habari za maji wala maziwa. Nikishajua, nitakuambia kama narudi au sirudi.

Binti yako

8 Juni

Mwanangu,

Nimeandika barua nne nikazitia tanurini. Hii nitaituma kabla sijaisoma.

Haikuwa aibu.

Dada yako alizaliwa mwaka tuliofungua bekari. Alikuwa mnene, anacheka na kila mteja, nilikuwa namlaza kwenye kikapu cha mikate. Alipoanza kula chakula kigumu akaanza kuisha. Tumbo likavimba, mikono ikawa myembamba, nywele zikawa zinanyonyoka. Nilimpeleka zahanati. Nesi akampima, akanitazama kama mama mzembe, akasema huyu mtoto ana njaa, mlishe. Mimi, mwenye mikate mpaka ya kumwaga, mtoto wangu ana njaa. Niliona haya hata kutoka mlangoni.

Basi nikamlisha. Nilikuwa nakausha mkate mzuri kuliko yote, naukatakata, naupika kwa maziwa. Asubuhi, mchana, jioni. Akizidi kukonda nazidisha. Alikuwa anageuza uso ukutani akiona bakuli. Nilimbana pua ili afungue mdomo. Baba yako aliniambia mwache apumzike, nikamwambia wewe hujui kulea.

Kuna wiki tatu nilimpeleka kwa bibi yako, kule hakukuwa na mkate. Alikula viazi na mayai. Akanenepa mashavu, akaanza tena kucheka. Mimi nikasema ni hewa ya kule. Nikamrudisha nyumbani, kwenye bakuli langu. Alikufa akiwa na miaka miwili na miezi minne. Chakula chake cha mwisho nilimlisha mimi.

Ulipoandika habari ya gluteni nilisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti. Kila neno ulilosema kuhusu wewe lilikuwa yeye. Nikasema si kweli, haiwezekani. Ngano ndiyo imetulisha, ndiyo imekusomesha. Na kama si kweli kwako, basi si kweli kwake, ilikuwa homa, na mimi ni mama ambaye mtoto wake alikufa kwa homa kama wengine. Nilitaka ule na usiumwe. Hicho tu ndicho nilichotaka. Siku nne zilipita bila barua, nikasema umeona, angeumwa ningeshasikia, amekula, ni mzima, na nikalala usingizi ambao sijalala tangu enzi hizo.

Ukoko yupo, sijamgusa. Ngano nimeacha kuikanda, si kwa ajili ya vifundo.

Stoo ni nyeupe, haijaingia chembe. Pakiti moja imebaki. Nitaioka mbele ya macho yako, ukinishika mikono. Njoo, mwanangu. Sina mwingine.

Mama

20 Juni

Mama,

Barua yako imenikuta kwenye kazi mpya. Ni duka dogo la miwani, siwekwi kwenye mashine, napokea wateja na kufuta vioo. Niliisoma wakati wa chakula, nikashindwa kurudi kwenye kaunta, wakaniruhusu niende nyumbani.

Nimemlilia dada. Sikuwahi kumlilia, alikuwa picha tu iliyogeuzwa ndani ya kabati lako. Na kuhusu yeye sina neno juu yako, nataka uamini hilo. Ulikuwa na mtoto anayeisha mikononi, ulikuwa na mkate, na nesi akakuambia mlishe. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile, pamoja na kumbana pua. Hukujua. Kama kuna mtu anatakiwa kukusamehe kwa niaba yake, basi mimi nimeshakusamehe.

Lakini siku ile ya kuoka ulikuwa unajua, mama. Ulijua huenda ni kweli. Ungekuwa na uhakika kwamba ngano haina neno, usingemtuma Ukoko nje kufuata kuni ambazo zipo. Kulikuwa na swali lililokusumbua miaka thelathini na mbili, na ulipopata njia ya kulijibu, njia hiyo ilikuwa tumbo langu. Ukanihimiza nile tatu, nne. Ukaniambia nikujibu siku hiyo hiyo.

Hata nilipokuandikia nimetoka hospitali, jibu ulikuwa nalo mkononi. Ukaniuliza habari ya maziwa.

Sirudi. Si hasira, hasira ningeingoja iishe. Ni kwamba kila utakachonipa nitakichungulia kwanza, nawe utaniona nikichungulia, na tutaishi hivyo mpaka mmoja wetu aondoke. Bekari mpe Ukoko. Amekukandia miaka ishirini, na aliposhindwa kusema mdomoni aliandika.

Daktari nimempa habari za dada. Ameijaza ile fomu.

Mwezi wa nane nitapata likizo ya siku nne, nitakuja nikuone na nikupeleke kwa daktari wa mifupa. Nitalala chumbani kwangu, kwenye godoro lako jipya. Nitakuja na sufuria yangu, sahani yangu na chakula changu. Nakuomba usipike siku hizo, na usinisihi nionje.

Binti yako